Mkono wa Kushoto wa Kaisari: Uchambuzi wa Kisa cha Misuli Iliyokosa Neva

Rupia ya Mjerumani, ile iliyoanza kuzunguka pwani yetu mwaka 1890, ina picha ya mwanamume mwenye masharubu, kofia ya chuma kichwani na tai juu ya kofia. Maandishi ya Kilatini yamemzunguka: GUILELMUS II IMPERATOR, yaani Kaisari Wilhelm wa Pili. Picha inakomea mabegani. Sarafu nyingi hukomea hapo, kwa hiyo mchongaji hakuwa na hila; ila kwa mtu huyu ilikuwa nafuu, maana kuanzia bega la kushoto kushuka chini kulikuwa na jambo ambalo nyumba nzima ya kifalme ilihangaika nalo kwa miaka mingi. Tazama picha zake za kusimama. Mkono wa kushoto umeegemea mpini wa upanga, au umeshika glavu, au umezama mfukoni. Ni nadra kuuona umening'inia wazi. Ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa takriban sentimeta 15, na misuli yake ilinyauka tangu utotoni.

Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, na niko Moshi. Asubuhi ikiwa haina mawingu, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tunaiona kutoka chumba cha mazoezi. Hans Meyer alipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 alikipa jina la Kaiser-Wilhelm-Spitze. Kikaja kuitwa Uhuru baada ya Tanganyika kujitawala mwaka 1961. (Ile hadithi wanayopigwa watalii, kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake mlima uwe zawadi ya siku ya kuzaliwa, ni porojo. Mpaka kati ya Mwingereza na Mjerumani ulitokana na makubaliano ya mwaka 1886, na wakati huo Wilhelm hakuwa Kaisari.) Siasa zake nawaachia wanahistoria. Kinachonivuta ni mkono, kwa kuwa kumbukumbu zake zimehifadhiwa vizuri kuliko za wagonjwa wengi wa aina yake, na kwa kuwa swali lililowatatiza madaktari wa Berlin ndilo hilohilo ninaloulizwa na mama anapomlaza mtoto wa wiki sita mbele yangu na kumvua fulana: mkono huu umelala tu, au umekufa?

Jibu linategemea unazungumzia kufa kwa kitu gani.

Alasiri ya tarehe 27 Januari 1859

Mama alikuwa Victoria, binti mkubwa wa Malkia wa Uingereza, umri miaka 18, mimba ya kwanza. Mtoto alitanguliza makalio. Barua ya kumwita Profesa Eduard Martin, mkunga mkuu wa Berlin kwa lugha ya leo, ilichelewa kumfikia kwa sababu ilipitia posta ya kawaida, na alipofika jumba la kifalme uchungu ulikuwa umeshakwenda mbali. Mama akapewa klorofomu. Mwili ulitoka, mikono ikabaki juu. Kitovu kilikuwa kinapoteza mapigo. Martin alikuwa na dakika chache, akauteremsha mkono wa kushoto kwa nguvu ili kichwa kipite.

Mtoto alitoka kimya, hana rangi. Walimsugua na kumpiga makofi mpaka akalia. Katika fujo ile hakuna aliyeangalia mkono. Ilipita siku kadhaa ndipo walipogundua kwamba wa kushoto hausogei.

Mimi simlaumu Martin. Mtoto anayekuja kwa makalio, mikono imepanda, kitovu hakipigi, na mwaka wenyewe ni 1859: kumtoa hai ni kazi kubwa. Kosa, kama ni kosa, limo kwenye barua iliyopelekwa posta.

Kilichotokea shingoni ni hiki. Mishipa ya fahamu, yaani neva, inayoendesha mkono hutoka kwenye uti wa mgongo kwa mizizi mitano, hujisuka nyuma ya mfupa wa mtulinga, kisha hushuka kwapani. Kichwa kikibaki nyuma na bega likavutwa, mizizi ya juu, ya tano na ya sita ya shingo, hubeba mvuto wote. Inaweza kunyooka tu ikapona yenyewe. Inaweza kukatika. Na inaweza kung'oka kabisa kutoka ndani ya uti wa mgongo, kama unavyong'oa mche badala ya kuukata. Watoto wanaotanguliza makalio hupata hili la tatu zaidi kuliko wale wanaotanguliza kichwa, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika kisa hiki.

Anayeujua mkono huu haupotezi. Umelala ubavuni, umegeukia ndani, kiwiko kimenyooka, kifundo kimekunjika na kiganja kinatazama nyuma, kama askari anayepokea chai bila kumtazama dereva. Mtoto akishtuliwa, mkono mzima hupaa na kujikunja kifuani, na huu unabaki palepale. Guillaume Duchenne wa Ufaransa aliuandika mwaka 1872, na Wilhelm Erb, Mjerumani, akaonyesha mahali hasa penye jeraha mwaka 1874. Wilhelm mdogo alikuwa ameshatimiza miaka 15. Madaktari wake walitibu kitu ambacho hakijapewa jina.

Kwake hata kiganja kilibaki kidogo na dhaifu, na hilo hunifanya niamini kwamba jeraha halikuishia kwenye mizizi miwili ya juu.

Mgomba wenye njaa na mgomba usio na chipukizi

Kabla ya matibabu yake, hebu tukae kidogo na misuli yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi, wakiwamo wenzangu, huchanganya mambo mawili.

Mtu akivunjika mkono akafungwa hogo wiki sita, akitolewa mkono umekonda. Misuli haikufanya kazi, imepungua. Vipimo vya vijana wenye afya waliofungwa mguu vinaonyesha paja likipungua karibu nusu asilimia kila siku katika wiki mbili za kwanza. Ni haraka, na inatisha kwa macho. Lakini neva ipo. Umeme mdogo unaendelea kupita, misuli inapata salamu hata kama haipewi kazi. Ukimwondolea hogo na kumpa mazoezi, ndani ya miezi michache unene unarudi.

Neva ikikatika, salamu zenyewe hukoma. Mwingereza Augustus Waller alizikata neva za ulimi wa chura na kuonyesha mwaka 1850 kwamba sehemu ya neva iliyotengwa na seli yake huvunjikavunjika na kuoza ndani ya siku chache. Misuli iliyobaki upande wa pili inakonda kwa kasi kubwa kuliko ile ya hogo. Panya aliyekatwa neva kuu ya mguu hupoteza karibu nusu ya uzito wa misuli ya kigimbi ndani ya wiki mbili. Wiki mbili tatu kwa binadamu, ukichoma sindano ya kipimo cha umeme, unasikia kwenye spika mlio kama mvua nyepesi juu ya bati: nyuzi za misuli zinacheza zenyewe, kila mmoja peke yake, kwa kuwa hakuna anayeziamuru.

Kukonda huku, mwanzoni, si kufa. Ni seli kujila. Uzi wa msuli una mashine za kuvunja protini zake wenyewe, na neva ikinyamaza mashine hizo huwashwa. Mwaka 2001 watafiti walizitambua jeni mbili zinazozibandika protini za misuli alama ya "hii ivunjwe". Panya waliozaliwa bila mojawapo ya jeni hizo walikonda kidogo kuliko wenzao baada ya kukatwa neva. Jeni hizohizo hupanda pia kwenye misuli iliyofungwa hogo. Kwa hiyo kwa macho, na hata kwa kemia ya wiki za kwanza, mikono hii miwili inafanana.

Tofauti iko kwenye idadi ya walio hai ndani yake.

Huku kwetu kwenye kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, mtu hahesabu mashina ya migomba, anahesabu machipukizi. Shina lililozaa litakatwa hata hivyo. Kiangazi kikija, majani yananyauka na mgomba unaonekana kama umekwisha, lakini chimba pembeni utakuta chipukizi. Mvua ikirudi, kihamba kinarudi. Msuli una machipukizi yake. Pembeni mwa kila uzi, kati ya ngozi ya uzi na ala yake, zimebanana seli ndogo zinazoitwa seli satelaiti. Uzi ukiumia, ndizo zinazoamka, zikagawanyika na kuungana nao. Uzi wenyewe ni kitu cha ajabu: ni seli moja yenye viini mamia, wakati mwingine maelfu, kwa kuwa ulitokana na seli nyingi zilizoungana.

Hogo ni kiangazi. Neva kukatika ni kitu kingine: mwanzoni machipukizi huongezeka, kana kwamba msuli unajaribu kujiokoa. Katika panya, seli satelaiti hupanda kwa miezi miwili hivi, kisha huanza kushuka, na baada ya mwaka na zaidi zinakuwa chini ya kiwango cha kawaida. Vimishipa vidogo vya damu navyo vinapotea kimoja kimoja. Nafasi inajaa mafuta na tishu ya kovu. Ukifika hapo, hata neva ikirudi inakuta shamba la magugu.

Ugomvi wa viini

Je, viini vyenyewe vya uzi wa msuli hufa? Watu walipata kubishana sana, na ubishi wenyewe una funzo kuhusu jinsi ya kutazama.

Seli ina njia ya kujiua kwa utaratibu, inayoitwa apoptosisi. Mitokondria, zile jiko za seli, huvujisha protini fulani, protini hiyo huamsha vimeng'enya viitwavyo kaspasi, DNA inakatwakatwa, seli inajikunja na kumezwa na jirani bila kuleta uvimbe. Ni kifo cha adabu. Kwa seli yenye kiini kimoja, kiini kikifa imekwisha. Kwa uzi wenye viini mia nane, viini mia mbili vinaweza kufa na uzi ukaendelea kuishi, mwembamba zaidi. Wazo hili liliwavutia wengi: labda msuli hukonda kwa sababu unafukuza wafanyakazi.

Miaka ya 1990 watafiti walianza kupaka vipande vya misuli iliyokatwa neva rangi inayoshika DNA iliyovunjika. Wakaona viini vinang'aa. Mwaka 2000 Borisov na Carlson wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza kwamba kufa kwa seli kweli kupo katika misuli ya panya iliyokosa neva kwa muda mrefu, ila hakufuati sura ya apoptosisi ya kitabuni. Kuna kitu cha katikati, kinachoendelea kwa miezi.

Halafu mwaka 2008 kundi la Oslo likafanya jambo ambalo ukilifikiria unajiuliza kwa nini halikufanywa mapema. Badala ya kumkata panya vipande na kuhesabu viini kwa kukisia, walitia alama ndani ya uzi mmoja wa msuli wa panya aliye hai, wakahesabu viini vyake, wakamshona, wakarudi baada ya siku na wiki kuhesabu vilevile. Uzi ulikonda hata kufikia nusu yake. Viini vilikuwa palepale. Vile vinavyong'aa kwa ile rangi vilikuwepo, lakini nje ya uzi: seli satelaiti, seli za mishipa ya damu, seli za tishu inayoshikiza misuli. Katika kipande chembamba chini ya darubini, kiini kilicho ndani ya uzi na kile kilichobanana nje ya ukuta wake vimetengana kwa umbali mdogo kuliko unene wa utando wa buibui. Ni rahisi kumhesabu jirani kuwa ni mwenye nyumba.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zimesema kweli kuhusu nyakati tofauti. Oslo walitazama wiki, Michigan miezi. Katika wiki za kwanza uzi unajila lakini unawabakiza wafanyakazi wake wote, ndiyo maana mtu wa hogo anarudi haraka hivyo. Wanaokufa mapema ni majirani: machipukizi na mabomba ya damu. Na majirani wakishakwisha, uzi nao hauna muda mrefu.

Kwa mkono wa Wilhelm basi: mwezi wa tatu baada ya kuzaliwa, misuli ya bega ilikuwa na wafanyakazi karibu wote. Bado ilikuwa inasubiri.

Lakini yeye alikuwa mtoto mchanga, na hapa kisa kinageuka.

Kwa mtu mzima, neva ikikatwa mkononi, seli mama ya neva hiyo iliyo ndani ya uti wa mgongo kwa kawaida hupona na kuanza kuotesha uzi mpya wa neva. Kwa mtoto mchanga seli hiyo bado inanyonya, ukipenda kuliweka hivyo: inaishi kwa chakula kinachopanda kutoka kwenye msuli. Jambo hili lilianza kueleweka kwa Rita Levi-Montalcini, aliyefukuzwa kazi kwa sababu ni Myahudi na akageuza chumba chake cha kulala mjini Turin kuwa maabara wakati wa vita. Aliwakata vifaranga, wakiwa bado ndani ya yai, chipukizi la kiungo, akaona seli za neva zilizokuwa zikielekea kule zinakufa. Kazi iliyofuata ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1986 pamoja na Stanley Cohen. Panya wa siku chache akikatwa neva ya mguu, sehemu kubwa ya seli zinazoendesha misuli hiyo hufa. Mama yake akikatwa vilevile, nyingi hupona. Panya huzaliwa akiwa mbichi kuliko binadamu, kwa hiyo huwezi kuchukua hesabu yake ukaibandika kwa mtoto wa Berlin. Mwelekeo ni huohuo, hata hivyo. Na kama mizizi yake iling'oka kwenye uti wa mgongo, hilo huua seli mama hata kwa mtu mzima.

Kwa hiyo nikiulizwa kifo kilianzia wapi katika mkono wa Kaisari, nisingeonyesha mkono. Ningeonyesha shingo.

Sungura, bahari na umeme

Matibabu waliyompa yanachekesha mpaka ukumbuke kwamba aliyeyapata ni mtoto.

Akiwa na miezi michache alianza kuwekwa mkono ndani ya mwili wa sungura aliyechinjwa dakika ileile, ungali na joto, nusu saa kila mara, mara mbili kwa wiki. Nia ilikuwa uhai wa mnyama uhamie kwenye mkono. Mama yake alichukizwa, na simlaumu. Joto lenyewe halina ubaya. Maji ya moto kwenye beseni yangefanya kazi hiyohiyo bila kumuua sungura. Walimwagia pia maji baridi ya bahari na kumchua. Kuchua huku nakujua. Bibi wa hapa anafanya hivyo na mafuta ya nazi, na simkatazi, kwa sababu viungo vya mkono usiosogea hukakamaa, na mkono wa bibi huvinyoosha. Mafuta hayaoteshi neva. Yanailinda nyumba isianguke wakati mwenyewe yuko njiani.

Umeme nao ulikuwa mtindo wa wakati ule. Mashine za kawaida zilitoa mikondo mifupifupi, ambayo husisimua neva. Msuli wenye neva hai unaruka, usio na neva hauitiki. Ukitaka kuuamsha msuli usio na neva, mkondo lazima ukae muda mrefu zaidi. Erb huyohuyo alilieleza vizuri na kulifanya kipimo cha kujua kama neva imekufa. Leo Vienna wameonyesha kwamba misuli ya miguu iliyokosa neva kabisa inaweza kunenepeshwa tena kwa umeme, kwa mapigo marefu zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde na nguvu kubwa, siku tano kwa wiki, kwa miaka. Vifaa vidogo vya kubandika vinavyouzwa mtandaoni hutoa mapigo ya chini ya sehemu ya elfu ya sekunde. Mzazi aliyenunua kimoja akaniuliza kwa nini mkono wa mtoto hauruki, jibu ni hilo.

Kisha mashine ya kumnyoosha shingo, maana shingo nayo ilipinda, na kukatwa msuli wa shingo. Nayaruka haya; si ya mkono.

Kinachonisimamisha ni jambo moja. Alipoanza kutembea, waliufunga mkono wa kulia, ule mzima, kwenye mwili wake ili alazimike kutumia wa kushoto. Akaanguka na kuanguka. Watu husimulia hili kama ukatili, na lilikuwa ukatili. Lakini leo, katika hospitali za watoto, tunafunga mkono mzima kwa saa chache, kwa michezo na kwa kubembeleza, tukimfundisha mtoto mkono dhaifu. Inasaidia. Inamsaidia mtoto ambaye neva zake zimeshafika kwenye msuli lakini ubongo umeuzoea mkono mwingine. Kwa mtoto ambaye uzi wa neva haupo, kufunga mkono mzima ni kumwamuru anywe kutoka kikombe kisicho na maji, kisha umkasirikie kwa kiu.

Tazama hapo: mtoto mmoja, mikono miwili, misuli iliyokosa kazi kwa namna mbili. Wa kulia ulifungwa, ukakaa bure, ukafunguliwa, ukarudi. Wa kushoto haukufungwa na mtu na haukurudi kamwe. Na kwa kuwa mfupa wa mtoto hurefuka ukivutwa na misuli, zile sentimeta 15 ni urefu wa kimya cha neva ulioandikwa kwenye mfupa.

Hesabu ya milimita

Neva inayoota huenda kama milimita moja kwa siku. Kutoka shingoni mpaka kwenye msuli wa mbele wa mkono wa mtoto mchanga ni sentimeta kumi na kidogo, yaani miezi minne hivi. Kwa mtu mzima, kutoka shingoni mpaka kwenye misuli ya vidole ni sentimeta sabini: karibu miaka miwili. Msuli uliokosa neva husubiri mwaka, labda mwaka na nusu, kabla machipukizi na mabomba hayajapungua kiasi cha kuufanya usiitike. Linganisha namba hizo mbili utaelewa kwa nini dereva wa bodaboda aliyechanika neva za bega anaweza kukunja tena kiwiko lakini asishike funguo.

Mtoto wa aina ya Wilhelm angezaliwa leo, wengi wao hupona wenyewe kwa sababu neva zilinyooka tu. Tungemnyoosha viungo kila anapobadilishwa nepi, tukimsubiri. Akifika miezi mitatu hajaweza kukunja kiwiko, tungempeleka kwa daktari wa upasuaji wa neva, na upasuaji ungefanyika kabla hajatimiza miezi tisa hivi: kuchukua neva ya ngozi kutoka mguuni na kuziba pengo, au, kama mizizi iling'oka, kuazima nyuzi chache kutoka neva jirani iliyo hai na kuzishona karibu kabisa na msuli. Njia ya kuazima nyuzi kutoka neva ya upande wa kidole kidogo ili kiwiko kikunje ilielezwa na Mfaransa Christophe Oberlin mwaka 1994. Uzuri wake ni hesabu: umbali unapungua toka sentimeta nyingi hadi chache, na neva inafika wakati machipukizi bado yapo.

Tatizo letu halijabadilika sana toka lile la barua ya Berlin. Mtoto anakuja kwangu akiwa na miezi kumi na nne. Alichuliwa, alifungiwa kitambaa, aliambiwa "atakua nao". Nakamata ule mkono mdogo, naubonyeza kwa kidole gumba pale bega linapotakiwa kuwa mviringo, na chini ya ngozi nahisi mfupa moja kwa moja, kama kubonyeza mpini wa jembe kupitia shati. Mama ananitazama usoni kabla sijasema kitu.

Wilhelm alijifunza kupanda farasi bila msaada wa mkono wa kushoto, akianguka mara kwa mara mbele ya mwalimu asiyemhurumia. Alikula kwa kifaa kimoja kilichounganisha uma na kisu. Mkono wa kulia ulifanya kazi ya miwili na ukawa na nguvu isiyo ya kawaida. Inasimuliwa kwamba aligeuza pete zake zikatazama ndani ya kiganja kabla ya kupeana mkono na mgeni, kisha akabana. Novemba 1918 alikimbilia Uholanzi, akaishia kwenye nyumba ya Doorn, na huko akapata shughuli moja iliyompendeza kuliko zote: kukata miti na kupasua kuni. Aliangusha maelfu ya miti mpaka uzeeni. Alifariki tarehe 4 Juni 1941, umri miaka 82. Kuni za Doorn zilikatwa na mkono uleule waliokuwa wakiufunga kifuani alipokuwa anajifunza kutembea.